Siku Sita za Kwenda, Kumi na Tano za Kurudi

Yorkton, Saskatchewan
14 Januari 1996

Mdogo wangu Stefka,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na kuni za kutosha. Huku baridi imekaa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri kwa siku tisa mfululizo, na kiwiko changu hunikumbusha kila asubuhi miaka yote niliyobeba darubini ya upimaji mashambani. Zaidi ya hapo sina la kulalamikia. Mjukuu wa shangazi Hafia amejifungua mapacha. Padri mpya ana sauti nzuri na mahubiri marefu. Mfikishie Mama salamu zangu; mwambie mkate wa Krismasi ulifika mzima, isipokuwa pembe moja.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Nimeamua kuja kumwona Mama kiangazi hiki. Nitakuja kwa gari, nikivuta trela. Tangu alipohamia kwako baada ya mazishi ya Baba imetimia miaka tisa, nami nimemwona mara moja tu. Sikutaka kulisema kwa ile simu ya redio ya hoteli unayopikia, inayosikika barabara nzima, kwa kuwa mara ya mwisho nilipokupigia, mtu nisiyemjua aliingilia mazungumzo yetu ili kunisahihisha umri wa Mama.

Trela ina urefu wa mita sita, vitanda viwili, jiko na choo kidogo. Ngazi zake ni mbili, kila moja sentimita kumi na tisa. Nimepanga vituo vya kulala hivi: North Battleford, Whitecourt, Dawson Creek, Fort Nelson, Watson Lake, kisha kwako. Siku sita. Kila kituo nimekichagua ili nifike kabla ya saa kumi jioni, wakati nafasi za kuegesha bado zipo.

Barabara yenu, kama ujuavyo, hupimwa kuanzia Dawson Creek. Anwani yako ni Maili 843. Kwa hiyo nyumba yako iko kilomita 1,356.7. Chemchemi za maji moto unazozitaja kila mwaka, Maili 496, ziko kilomita 798.2. Naomba unithibitishie, pamoja na hali ya lami.

Kaka yako,
Orest


Maili 843, Barabara Kuu ya Alaska
9 Februari 1996

Kaka Orest,

Kuni zipo. Mama anakula vizuri na anakusalimu. Mimi naendelea kupika hotelini siku nne kwa wiki. Madereva wa malori wamepungua, wanaowinda picha za wanyama wameongezeka. Wifi Nadia hajambo? Hukumtaja.

Kuhusu hesabu zako, nimemsomea Delmar, jirani yangu anayeendesha greda ya barabara. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwambie bro wako aje tu, atatupitia kwa kasi, tutampungia mkono."

Maelezo ni haya. Maili 843 ilikuwa kweli maili 843 mwaka wa 1942, wanajeshi walipoifungua barabara hii. Tangu hapo imenyooshwa kona baada ya kona, nayo imefupika. Namba zetu hazikufupika. Ukiuliza hapa nyumba ya fulani iko wapi, utaambiwa maili ya zamani, kwa sababu ndivyo watu walivyoiandika kwenye mabango, kwenye barua na kwenye makaburi. Nyumba yangu iko kilomita 1,307. Ukienda hadi 1,356.7 utajikuta kando ya ziwa la watu wengine, umeniacha nyuma kilomita hamsini. Chemchemi ziko 765, si 798. Wewe umeuchukua urefu wa barabara isiyokuwepo tena na kuuzidisha hadi tarakimu moja baada ya nukta.

Vituo vyako vinafaa, ila Fort Nelson uchague uwanja wa kuegesha unaoingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Hujawahi kurudisha trela nyuma bila kumlaumu mtu, na safari hii utakuwa peke yako. Au si peke yako? Hukusema.

Lami ni nzuri hadi Watson Lake. Kuanzia hapo barafu ya chini ya ardhi imeivimbisha mahali pengi. Delmar anasema uendeshe sabini kwa saa, la sivyo vikombe vyako vitafika kabla yako.

Swali moja: mlango wa trela hiyo una upana gani?

Stefka


Yorkton
3 Machi 1996

Mdogo wangu,

Theluji imeanza kulainika mchana. Mapacha wamebatizwa, mmoja alimng'ata padri kidole, jambo ambalo waumini kadhaa walilipokea kwa utulivu mkubwa.

Nimeyakubali masahihisho yako. Mpimaji anayetumia kipimo cha mwaka wa 1942 bila kuuliza kimepimwa juu ya nini anastahili kuchekwa na dereva wa greda. Mfikishie Delmar shukrani zangu, pamoja na ombi kwamba asiirudie habari hiyo kwenye redio.

Ndani ya bahasha utakuta jedwali lililorekebishwa. Safu ya kushoto ni kwenda: siku sita, wastani wa kilomita mia nne hamsini na tisa kwa siku. Safu ya kulia ni kurudi: siku kumi na tano, wastani wa kilomita mia na themanini na tatu. Kila kituo cha kurudi kina maji, umeme na kituo cha afya kisichozidi mwendo wa saa moja na nusu. Pale visivyopatikana vyote, nimeweka alama ya nyota. Mwendo huo mfupi ni kwa ajili ya kulipumzisha gari, ambalo si jipya.

Upana wa mlango ni sentimita sitini na moja. Kitanda cha mbele kimeinuka sentimita hamsini na tano. Usiwe na wasiwasi wa baridi endapo hali ya hewa itageuka milimani: mtungi mmoja wa gesi wa kilo tisa, nje kukiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri na ndani kumi na sita, hudumu siku mbili na saa nne. Ukiweka blanketi kwenye dirisha la kaskazini, unaongeza saa tatu.

Mama bado anatembea hadi kisima na kurudi, kama ulivyoandika mwaka juzi?

Orest


Maili 843
21 Aprili 1996

Kaka,

Barua yako ilifika tarehe 15 Machi. Sitaisingizia posta.

Tuliadhimisha Pasaka Jumapili iliyopita kwa kalenda ya zamani ya kanisa, sisi wawili. Mama alinielekeza kupaka mayai rangi. Rangi nyekundu ilikataa kushika, akaniambia mikono yangu ni ya mpishi wa madereva. Nadia hajambo? Nimeuliza mara ya pili.

Nimelikalia jedwali lako wiki tano. Umeandika kwamba gari litahitaji mapumziko wakati wa kurudi. Gari hilohilo litapanda kuja kwangu kwa siku sita bila kuchoka, likipita milima ileile. Orest, gari haliugui upande mmoja. Aliyepangiwa kilomita mia na themanini kwa siku, maji, umeme na daktari wa karibu si gari wala si wewe. Unakuja kumchukua Mama. Umeipanga safari yake kituo kwa kituo, choo kwa choo, ukaniletea nikusahihishie lami.

Jibu langu ni hapana. Alikuja huku kwa hiari yake. Ana chumba chenye jua, ana dirisha, ana mimi. Hukumtaka mwaka wa 1987, nyumba yako ilipokuwa na vyumba vinne. Leo unataka kumweka wapi?

Na hapo ndipo penye jambo la pili. Nimeishi kaskazini miaka thelathini na moja. Najua watu wengi wenye trela. Hakuna hata mmoja ajuaye kwamba blanketi kwenye dirisha la kaskazini huongeza saa tatu za gesi, isipokuwa yule aliyelala ndani yake mwezi wa Januari. Barua yako ya kwanza ilisema baridi imekaa siku tisa. Ulikuwa unaiandikia wapi barua hiyo?

Stefka


Yorkton
6 Mei 1996

Stefka,

Shangazi Hafia amefariki tarehe 29 Aprili akiwa usingizini. Alikuwa na miaka tisini na mbili. Mwambie Mama kwa utaratibu utakaouona unafaa, walikua pamoja.

Nitajibu kwa mpangilio wa maswali yako.

Nadia aliondoka Septemba. Anaishi Saskatoon kwa dada yake. Hapakuwa na ugomvi wa kusimulia. Alisema amechoka kuishi na mtu anayemjibu kwa usahihi. Nyumba tumeiuza. Trela iko nyuma ya karakana ya Petro, mwana wa shangazi Hafia, na umeme natoa kwake. Naishi humo tangu Oktoba. Sikukuandikia kwa sababu ungemwambia Mama, na Mama angesali.

Ndiyo, nakuja kumchukua. Parokia imefungua nyumba ya wazee kando ya kanisa. Wanaishi humo watu kumi na wanne. Tisa kati yao ni wanawake waliokulia umbali wa siku moja kwa farasi kutoka shamba la babu. Wanazungumza lugha yetu mezani, si Kiingereza. Wapishi ni watawa, na supu ya biti nimeionja mwenyewe. Ni ya kweli. Chumba kinamsubiri hadi mwisho wa Agosti. Ni dakika sita kwa miguu kutoka ilipo trela. Nitakuwa huko kila siku. Mwaka wa 1987 nilimwachia Nadia aseme hapana, nami nikaliita jambo hilo uamuzi wetu. Sikuwa na ujasiri wa kutosha hata wa kuliita jina lake.

Sasa ni zamu yangu kuuliza. Mwezi Februari ulitaka kujua upana wa mlango. Nilikujibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu saa ngapi. Jana nilipokuwa napanga vituo upya ndipo nilipoelewa. Mtu anayetembea kwa miguu yake hauliziwi upana wa mlango. Mimi nimekutajia urefu wa ngazi, hukuugusa. Swali langu la kisima hukulijibu.

Mama amekaa kwenye kiti cha magurudumu tangu lini?

Orest


Maili 843
2 Juni 1996

Kaka Orest,

Nimemwambia kuhusu shangazi Hafia. Alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akaomba chai. Kesho yake alitaja majina ya wasichana wote waliocheza ngoma pamoja harusini kwa Hafia, kumi na moja, na akaniuliza ni wangapi wamebaki. Sikujua.

Tangu tarehe 28 Januari. Aliteleza mlangoni akienda kulisha ndege. Nyonga haikuvunjika, ilipata ufa. Daktari alisema mifupa itajifunga lakini miguu haitarudi kuwa ile. Nilikuandikia siku kumi na mbili baadaye kwamba anakula vizuri. Alikuwa anakula vizuri. Nilijua ukisikia utakuja, na nilijua utakachokuja kukifanya, kwa sababu ningekifanya mimi.

Kuna lingine, nalo nimelificha zaidi. Tangu aanguke, Kiingereza kinamtoka. Mwezi Februari alikuwa akitafuta neno moja moja. Sasa hakitumii kabisa. Anazungumza lugha ya nyumbani mchana kutwa, naye hajui kama amebadilisha. Mimi niliondoka shambani nikiwa na miaka kumi na minane, Orest. Nakumbuka lugha ya jikoni: leta, funika, moto, mtoto, njoo ule. Akiniambia sentensi tatu nashika moja na nusu. Namjibu kwa kutikisa kichwa. Nimekuwa nikimtikisia kichwa miezi minne.

Baada ya barua yako nilikaa mbele yake nikamuuliza. Nilijiandalia maneno kwenye karatasi. Nakuandikia nilivyoelewa, palipo na pengo, pengo ni langu.

Nilipotaja jina lako tu, akasema, "Anakuja na ile nyumba ya magurudumu. Najua. Delmar kanionyesha kwa mikono, vruu, vruu, kaka mkubwa, trela."

"Delmar hana breki mdomoni, Mama."

"Ana akili kuliko nyie wawili. Yeye ananiambia. Nyie mnaandikiana. Naona bahasha zinaingia, zinatoka, kama mimi ni kiroba cha kabichi mnapatana bei."

Nikamwambia kuhusu nyumba ya kando ya kanisa, watu kumi na wanne, tisa wa kwetu. Aliuliza majina. Nilikuwa nayo mawili tu, yale uliyoyaongeza pembeni mwa barua yako ya Mei. La pili lilipotoka akapiga paja. "Yustyna! Mwongo mkubwa yule. Bado anaishi?"

Halafu nikamuuliza: huku, au kule? Nilitaraji atalia au atanikasirikia. Aliongea taratibu, kama mtu anayemsemesha mgeni, na mgeni nilikuwa mimi.

"Wewe unanilisha vizuri. Unanifunika vizuri. Umeniogesha hata mkono wako ukateguka, unadhani sikuona? Lakini huongei na mimi, Stefka. Mtoto wangu, huongei."

Nilimwambia kwamba nitajifunza tena. Akacheka, akanishika shavu. "Nina miaka themanini na sita. Utajifunza lini?"

Kwa hiyo jibu si hapana yangu wala ndiyo yako. Anataka kwenda. Anataka kwenda kwa barabara, si kwa ndege, kwa sababu alipokuja huku alisinzia njia nzima na anadai kuna milima amedhulumiwa.

Kiti chake kina upana wa sentimita sitini na nne. Mlango wako ni sitini na moja.

Stefka


Yorkton
14 Juni 1996

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama na kwa Delmar. Barua hii ni fupi kwa kuwa mikono yangu ina gundi.

Jumamosi nilikata ukuta wa trela. Petro alinishikia taa na kunirushia maneno: "Kwa hiyo miaka arobaini ulipima mashamba ya watu, leo umeshindwa kupima kiti?" Mlango mpya una sentimita sabini na sita. Ngazi nimeziondoa, badala yake pana ubao wa mita mbili na nusu unaokunjwa, wenye mteremko ambao mtu mmoja anaweza kusukuma bila kukimbia. Nimeujaribu nikiwa nimempakia Petro, mwenye uzito wa mara mbili ya Mama. Kitanda nimekishusha sentimita kumi.

Safu ya kulia ya jedwali nimeifuta. Ilitungwa kwa ajili ya mwanamke aendaye kisimani kwa miguu. Sijui vituo vinavyomfaa huyu wa sasa. Wewe unamjua. Nakuomba uipange wewe.

Gari lina viti vitatu mbele. Cha tatu hakina mtu. Sitalirudia swali hili.

Nitaondoka tarehe 10 Julai, nitafika tarehe 15, kilomita 1,307.

Orest


Maili 843
23 Julai 1996
Kwa mkono. Usiifungue kabla ya kituo cha kwanza, Rancheria.

Kaka Orest,

Siku hizi nane tumekula meza moja na hatukusema mengi. Tunaandika vizuri kuliko tunavyosema, sote wawili. Nilikuona ukizungumza naye barazani kutwa nzima. Sikuelewa mlichokicheka. Nilifurahi kutokielewa, kwa kiasi fulani, maana ilinipa uhakika.

Hii ndiyo safu yako ya kulia. Niliwapigia wote kwa redio, kwa hiyo barabara nzima sasa inajua kwamba Mama, Tekla wa Maili 843, anapita. Mara moja katika maisha imefaa.

Rancheria, kilomita mia mbili na saba kutoka kwangu. Ni nyingi kwa siku ya kwanza, nimezipanga hivyo kwa makusudi. Ukilala karibu zaidi atataka kurudi, nawe utakubali. Mwenye hoteli anaitwa Hilde; ana mikono ya kubebea magogo na atakusaidia kumhamisha. Uegeshe mlango ukitazama mashariki. Mama huamka na mwanga, na akiamka gizani haelewi yuko wapi.

Watson Lake, mia na ishirini tu. Siku ya pili nyonga humuuma zaidi ya ya kwanza. Umpe dawa nusu saa kabla ya kumnyanyua, si baada. Atakuambia haumwi. Tazama kidole gumba chake cha kushoto: akikificha ndani ya ngumi, anaumwa.

Chemchemi, kilomita 765, uliziruka kwenye jedwali lako kwa sababu hakuna umeme. Mtalala huko siku mbili. Kutoka uwanja wa kuegesha hadi kwenye maji pana njia ya mbao iliyo tambarare, kiti kinapita. Dimbwi la chini lina ngazi zenye vishikio. Umwingize mgongo mbele. Humo majini miguu yake itafanya kazi. Nilimpeleka mwaka wa 1991 alipokuwa mzima, akanicheka nilivyovaa.

Toad River. Asubuhi mtapita kando ya ziwa refu la kijani. Usimsemeshe. Hiyo ndiyo milima anayosema alidhulumiwa.

Fort Nelson. Kuna hospitali. Ingia hata kama hana kitu, wamwangalie ngozi ya mgongo. Hapo utakuwa umemaliza milima, na hapo, nadhani, ndipo atakapouliza kama nakuja nyuma. Usimwambie "baadaye". Usimwambie "labda Krismasi". Mwambie kwamba siji, kisha uendelee kuendesha. Ni barabara iliyonyooka, itakusaidia.

Kusini ya hapo nchi ni yako, panga mwenyewe.

Sikukujibu kuhusu kiti cha tatu. Nilikifikiria kila siku tangu Juni. Nikikaa humo, kila kituo atakuwa anasafiri pamoja nami, na mwisho wa safari ataniona nikishuka ili kurudi huku. Atakuwa ameachwa na mimi mara moja, mahali asipopajua. Afadhali aniache yeye, hapa, mlangoni pangu, akiwa na kitambaa chake kizuri.

Ana kikohozi kidogo cha asubuhi, si cha hatari. Chai bila maziwa. Mto mdogo uwe chini ya goti la kulia, si la kushoto.

Stefka


Chemchemi, kilomita 765
28 Julai 1996

Stefka,

Nampa barua hii dereva wa lori la mbao anayepanda kwenu. Ameahidi kuiacha hotelini kesho. Mama hajambo. Ngozi ya mgongo ni safi, nimeikagua asubuhi na jioni. Hilde alimbeba kama mkate.

Ulikosea jambo moja, nalo nakuandikia kwa sababu ulinitaka niwe mkweli. Hakungoja Fort Nelson. Aliuliza Rancheria, jioni ya kwanza, kabla sijazima injini. "Stefka yuko nyuma na gari gani?"

Barua yako ilikuwa bado mfukoni, sijaifungua. Sikuwa na maagizo. Nilimwambia: "Haji, Mama. Amebaki."

"Amebaki peke yake?"

"Peke yake."

Akakunja kitambaa mapajani, mara nne, kikawa kidogo kama bahasha. Nilitaka kusema neno la kumfariji, na kila nililolipata halikuwa kweli, kwa hiyo nilizima injini. Hatimaye akasema, "Basi mwandikie. Wewe si unajua kuandika? Mwandikie asikifunge chumba changu. Atakifunga, namjua, ataweka majaba ya kabichi humo. Mwambie alale yeye. Cha kwake hakina jua."

Nikamuahidi. Akaniuliza kama nimekula.

Jana na juzi nilimwingiza majini mgongo mbele, kama ulivyoelekeza. Alisimama. Maji yalimfika kifuani, akaniachia mkono, akatembea hatua saba hadi ukingo wa pili, akageuka, akarudi. Watalii wawili walipiga makofi, naye akawauliza kwa lugha yetu kama hawajawahi kuona mtu akitembea.

Leo ilikuwa siku ya kuondoka. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekwisha kukunja ubao na kuunga trela. Alikuwa kwenye kiti, taulo begani. Nilimwonyesha jedwali lako, siku, kilomita, jina la kituo. Alilitazama kwa adabu, akanirudishia, akaelekeza kidole kwenye njia ya mbao iendayo majini.

Nimeifungua trela kutoka kwenye gari. Sijui tutaondoka lini.

Hamishia kitanda chako chumbani kwake leo, kabla ya kupika.

Orest